Mgeukie Anayesema: Matumizi Sahihi ya Shimesikio Katika Mazungumzo

Shimesikio ni kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Hakimrudishii mtu usikivu wake wa awali. Humsaidia kusikia vizuri zaidi, endapo atakitumia ipasavyo.

Vifaa vingi vya kidijitali vina maikrofoni mbili. Sauti itokayo mbele huifikia moja kabla ya nyingine, na kwa tofauti hiyo ndogo kifaa hutambua upande wa sauti, kisha hupunguza kelele za nyuma. Kwa kifaa hicho, mbele ni pale uso wa mvaaji unapoelekea.

Tuchukue mfano wa mzee anayeuza asali katika stesheni ya Goweko, kwenye Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Treni imesimama na wachuuzi wananadi. Mnunuzi anayetaja bei akiwa nyuma ya mzee atasikika kwa shida, ingawa kifaa ni kizima. Mzee akimgeukia, maneno yatasikika vyema zaidi, naye ataona pia midomo ya msemaji. Asiyelijua jambo hili huweza kudhani kifaa ni kibovu, akakifungia sandukuni na kujitenga na mazungumzo.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Geuza uso wote, si macho pekee, kisha utulie kidogo ili kifaa kijirekebishe.
2. Kelele ziwe mgongoni mwako, na unayezungumza naye awe mbele yako.
3. Penye watu wengi, waombe wakuite kwa jina kabla ya kuanza kusema.
4. Ikiwa umepewa vifaa viwili, vivae vyote. Ubongo hulinganisha sauti za masikio mawili ili kujua zitokako.

Baadhi ya vifaa vipya vina vihisi mwendo, ambavyo hutambua mvaaji anapogeuza kichwa au kutembea, na kubadili usikilizaji ipasavyo.

Tahadhari: unapotembea barabarani au kuvuka reli, tumia mpangilio unaopokea sauti za pande zote, na utazame kulia na kushoto. Pikipiki itokayo nyuma haingoji ugeuke.

Kabla ya kununua, pima usikivu kwa mtaalamu. Muulize muuzaji kama kifaa kina maikrofoni za mwelekeo, jinsi ya kubadili mipangilio, muda wa dhamana na upatikanaji wa betri. Omba kukijaribu penye kelele, kwani katika chumba kimya tofauti hii haionekani.