Mtoto anapomshangilia mwizi

Giza likishaingia Ulyankulu, ukipita jirani na banda la video unaweza kuijua filamu kabla hujaiona. Vicheko mfululizo, hiyo ni ya vichekesho. Milio ya risasi bila kupumzika, hiyo ni ya vita. Lakini ukisikia kimya kirefu, halafu ghafla banda zima linalipuka kwa makofi, basi kuna watu wamefungua kasiki la benki na wametoka salama.

Kesho yake mchezo unahamia njiani kwenda shule. Mmoja ni steringi, mwingine dereva, mwingine fundi wa kompyuta. Anayebaki bila kazi ndiye anayepewa upolisi. Mzazi anayewasikia huku akifagia uwanja ana haki ya kujiuliza: huyu mwanangu anafundishwa kuiba?

Wengi hukimbilia kupiga marufuku. Ni rahisi kutamka, ni kazi kusimamia. Filamu hazipo tena bandani tu. Ziko kwenye memori kadi ya simu ya kaka, ziko kwenye fleshi ya jirani mwenye televisheni ya sola. Kabla ya kukataza, inafaa mzazi ajue utamu wenyewe uko wapi, na kasoro yake iko wapi.

Utamu uko kwenye mpango

Filamu nyingi za wizi mkubwa hujengwa kwa namna moja. Mtu mmoja ana wazo. Anatafuta wenzake, kila mmoja na ujuzi wake. Wanachora ramani, wanafanya mazoezi, wanaingia. Katikati jambo linaharibika na mtazamaji anashika roho mkononi. Mwishoni anagundua kuwa kile alichodhani kimeharibika kilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Katika Ocean's Eleven ya mwaka 2001, watu 11 wanaziibia kasino tatu za Las Vegas kwa usiku mmoja. Katika The Italian Job ya mwaka 2003, magari madogo aina ya Mini Cooper yanatoroka na dhahabu. Katika Fast Five ya mwaka 2011, magari mawili yanaburuta kasiki zima mitaani Rio de Janeiro. India nayo ilileta Dhoom mwaka 2004, majambazi wakiwa juu ya pikipiki.

Mtoto hapendi fedha zile. Hazimhusu. Anachopenda ni kubashiri, kukosea na kubashiri tena. Anapenda pia kuona kila mtu ana nafasi yake. Katika Ocean's Eleven yumo Yen, mwanasarakasi mwenye umbo dogo, anayejikunja ndani ya toroli la fedha ili aingizwe kwenye chumba cha hazina. Bila yeye mpango umekufa. Kwa mtoto ambaye nyumbani huambiwa kila mara kuwa bado mdogo, hiyo ni habari njema.

Afrika Mashariki imeongeza chumvi yake: mtafsiri. Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya na VJ Jingo wa Uganda walijulikana kwa kuichukua filamu ya mbali na kuisimulia kwa lugha ambayo watu wa nyumbani wanaielewa, pamoja na utani wake. Mtafsiri huwa upande wa steringi, na banda zima humfuata. Ndiyo maana watoto wanasema kwa uhakika kabisa kwamba steringi hafi.

Aliyeibiwa haonekani

Hapo ndipo penye kasoro. Kamera hukaa na wezi tangu mwanzo hadi mwisho. Tunajua majina yao, mapenzi yao na shida zilizowasukuma. Aliyeibiwa ni jengo tu, au ni tajiri mwenye roho mbaya ambaye hakuna wa kumwonea huruma. Kwenye tamthilia ya Kihispania ya Money Heist, iliyoanza kurushwa mwaka 2017 na ambayo mmoja wa wahusika wake anaitwa Nairobi, kiongozi wa kundi anawaambia wenzake kuwa hawamwibii mtu yeyote. Wameteka kiwanda cha kuchapa noti, na fedha watakazochukua watazichapa wenyewe. Maneno matamu. Mtu mzima yanamchekesha, lakini mtoto anaweza kuyabeba kama yalivyo.

Mtoto wa Ulyankulu hajawahi kuiona kasino. Wizi anaoujua una sura ya mtu. Ni gunia la mahindi la bibi. Ni pikipiki ya mkataba ambayo kijana bado anailipia. Ni mzee aliyetundika mizinga porini, akaenda siku ya kurina akakuta mwingine amemtangulia. Ni fedha ya tumbaku: familia imepanda, imevuna, imekausha, imesubiri malipo. Fedha hiyo ikiibwa, imeibwa sare ya shule na mbolea ya msimu ujao, na hakuna anayepiga makofi.

Tena hapa ni mahali ambapo watu wanajua maana ya kuanza upya. Maelfu ya familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 zilipokewa Ulyankulu zikaanza na jembe. Wengi wao pamoja na watoto wao wakapata uraia wa Tanzania, hatua iliyokamilishwa mwaka 2014. Nyumba nyingi zimejengwa kidogo kidogo, bati kwa bati. Mtoto anayelelewa humo anaweza kuelewa haraka sana kwamba kila mali ina jasho la mtu, ilimradi pawepo wa kumwonyesha.

Filamu moja ya karibu na kwetu imelionyesha jambo hili vizuri. Ni Nairobi Half Life ya Kenya, ya mwaka 2012. Kijana Mwas anaishi kijijini akiuza filamu, na ili azinunulishe huigiza mbele ya wateja vipande vya mapigano. Anaenda Nairobi kutafuta uigizaji. Siku ya kwanza mjini anaporwa kila alichobeba. Baadaye yeye mwenyewe anaingia kwenye kundi la kuiba vipuri vya magari. Mtazamaji ameshamwona akiwa ameibiwa, kwa hiyo wizi wake hauwezi kuwa mtamu tu. Ni filamu ya watu wazima, ina matusi na damu, lakini mzazi akiitazama peke yake atapata mengi ya kuzungumza na kijana wake mkubwa.

Maswali matatu baada ya filamu

Mzazi si lazima atoe hotuba. Filamu ikiisha, au kesho yake mkiwa mnapukuchua mahindi, maswali matatu yanatosha. Nani aliibiwa? Nani mwingine aliumia bila kuonyeshwa? Na mpango ungeshindwa, kila mmoja wao angekuwa wapi leo?

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Hivi yule mlinzi aliyefungwa kamba, kesho yake bosi wake alimwambiaje?"

"Hawakuonyesha, mama."

"Wewe unadhani?"

"Labda alimfukuza kazi."

"Na nyumbani kwake walikula nini?"

Hapo mama anyamaze. Swali likae kichwani mwa mtoto bila kuongezewa mawaidha.

Upo pia upande wa kusifu. Mwulize mtoto ni nani kwenye kundi lile alifanya kazi yake vizuri, na kwa nini walifanya mazoezi mara nyingi kabla ya kuingia. Kisha mpe mpango wa kwake: banda la kuku lijengwe Jumamosi, nani anakata miti, nani anachimba mashimo, mvua ikinyesha tunafanyaje. Akili ile ile iliyofurahia kasiki itafurahia na hilo.

Mambo ya kuangalia

Kwanza ni umri. Huko Marekani, Ocean's Eleven, The Italian Job na Fast Five zilipewa alama ya PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu sana kwa mtoto aliye chini ya miaka 13. Money Heist ina alama ya watu wazima. Hapa nchini Bodi ya Filamu ndiyo yenye kazi ya kuzipanga filamu kwa madaraja ya umri. Ukikosa alama yoyote, tazama mwenyewe kwanza.

Pili ni saa. Filamu nzuri inayomrudisha mtoto nyumbani usiku wa manane imeshakuwa mbaya. Mwenye banda akijua wazazi wanafuatilia, naye atajipanga.

Tatu ni kiingilio. Mtoto anayeingia bandani kila wiki bila kukuomba hela anaipata mahali. Huenda amebeba ndoo za maji, huenda amepunguza kwenye chenji ya dukani. Muulize kwa utulivu, kwa sababu hapo wizi si wa kwenye filamu tena, na aliyeibiwa ana sura anayoijua.

Jioni ukiwasikia tena wakigawana kazi uwanjani, huyu dereva, huyu fundi, huyu steringi, usiwafukuze. Waongezee nafasi moja tu. Waulize: leo nani ndiye mwenye mali?