Mashavu Mekundu Hayatoshi

Mnunuzi wa samaki sokoni hufunua mashavu, akiyaona mekundu huridhika. Kwa samaki wa kufugwa, hilo halitoshi. Mashavu mekundu yanaonyesha kwamba samaki hajaoza. Hayaonyeshi amekulia katika maji gani. Hayo hujulikana bwawani, kwa kupima.

Kipimo cha kwanza ni hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Perege hustawi inapokuwa miligramu 5 au zaidi katika kila lita. Mchana, mimea midogo ya kijani iliyomo majini huitengeneza kwa nguvu ya jua. Usiku mimea hiyo haitengenezi kitu, bali huitumia pamoja na samaki. Ndiyo maana oksijeni hupungua mno alfajiri. Mfugaji anayepima saa nane mchana anajidanganya. Apime kabla jua halijachomoza. Akiwakuta samaki wamejazana juu wakihema, asitie samadi wala chakula, bali aingize maji mapya upesi.

Kipimo cha pili ni amonia, itokanayo na taka za samaki wenyewe na chakula kilichobaki. Sumu yake huzidi maji yanapopata joto na asidi inapopungua. Kwa hiyo asidi nayo hupimwa kwa karatasi zinazobadilika rangi. Namba kati ya 6.5 na 9 inafaa.

Asiye na vyombo atumbukize mkono. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mimea ile imezidi, na hatari ya alfajiri iko karibu.

Lakini mkono hauoni dawa za kuulia wadudu zinazosombwa na mvua kutoka mashambani, wala zebaki ya wachimbaji wa dhahabu. Zebaki hujikusanya katika minofu, nasi tukaila. Hizo ni kazi ya maabara.

Gharama? Tukumbuke mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Waliovua kwa nyavu halali nao walipoteza soko, maana hapakuwa na vipimo vya kuwatenga na wenye makosa.

Basi, ndugu mnunuzi, ukisha kufunua mashavu, muulize mwuzaji: maji ya bwawa yalipimwa lini? Swali hilo likiulizwa na wengi, mabwawa yatapimwa.