Sufuria Moja, Kadi Mbili: Mwaka wa Wastaafu wa Chumbageni

Wastaafu wawili wanaoishi Chumbageni, hapa Tanga, mtu na mkewe, hawana mwezi unaofanana na mwingine. Kuna Ramadhani, kuna harusi ya mpwa kule Pangani, kuna binti aliyejifungua Dar es Salaam anayemtaka mama yake akae naye hadi arobaini, kuna msiba wa Korogwe usiosubiri mtu, na Desemba wajukuu wanamiminika. Sisi wa kliniki tunawaandikia dawa kana kwamba kila siku yao ni Jumatatu: kimoja asubuhi, viwili jioni, rudi baada ya mwezi. Kwa miaka niliyohudumia watu wa presha na sukari, nimeona dozi nyingi zikivurugwa na safari, wageni na sherehe, mambo ambayo familia inayajua miezi kabla na hakuna aliyeyauliza pale kwenye meza ya daktari.

Nitumie mfano nilioutengeneza kutokana na watu wengi, ili nisimtaje yeyote. Mzee alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wote walifika umri wa kustaafu kwa lazima, miaka 60. Mzee ana presha. Mama ana kisukari cha ukubwani, na presha yake nayo imeanza kupanda. Mzee anaambiwa apunguze chumvi, mama anaambiwa apunguze wanga, kila mmoja kwa siku yake na kwa mhudumu wake. Wakirudi nyumbani, sufuria ni moja.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, maana jikoni kwa watu wa Tanga kuna mambo ambayo ushauri wa jumla hauyagusi. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wa ngalawa na mashua ndogo hukaa pwani siku nyingi. Samaki mbichi anaadimika na bei inapanda. Nyumba nyingi hugeukia ng'onda na papa mkavu, na papa wa nazi ni kitoweo ambacho mzee wa hapa huwezi kumwambia akiache moja kwa moja akakusikiliza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya mboga na ya kitoweo. Kipande cha papa aliyekaushwa kwa chumvi kinaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla mpishi hajagusa kopo la chumvi. Kwa hiyo presha ya mzee inapanda katika miezi hiyo, daktari anaongeza dawa, na ikifika kaskazi samaki mbichi akirudi sokoni, mzee analalamika kizunguzungu kila akiinuka. Dawa iliongezwa kwa sababu ya msimu, na msimu umepita.

Nawaambia hivi: mlowekeni papa usiku kucha, mwageni maji, mchemsheni, mwageni tena, kisha mpikeni bila kutia chumvi nyingine wala viungo vya pakiti, kwa kuwa navyo vina chumvi nyingi. Ukali upatikane kwa ndimu, ukwaju, embe bichi, pilipili na tangawizi. Tui la kwanza lipungue, la pili litoshe. Kwa mama, sahani igawike: nusu iwe bamia, mchicha au mboga nyingine ya majani, robo iwe samaki au kunde, robo iliyobaki ndiyo wali. Asubuhi ya mbaazi za nazi na mahamri, aongeze mbaazi na hamri libaki moja, na chai isiwe ya sukari. Sahani hiyohiyo inamfaa mzee. Mke asipike vyungu viwili; atachoka kabla ya mwezi kwisha na wote watarudi kwenye mazoea.

Madafu nayo yana sifa kubwa hapa ya kuteremsha presha. Kwa mwenye figo nzima, dafu moja si neno. Lakini dafu lina potasiamu nyingi, na mgonjwa ambaye figo zake zimechoka, hasa akiwa anatumia dawa ya presha iitwayo losatani, anaweza kuipandisha potasiamu mwilini hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Ndiyo maana kipimo cha figo kinatakiwa kifanyike walau mara moja kwa mwaka kwa kila mwenye presha au sukari, na majibu yake yaandikwe kwenye kadi.

Sufuria moja ni jambo jema. Kopo moja la dawa ni hatari. Nimewakuta wenzi wanaoweka vidonge vyao vyote katika kopo la zamani la biskuti, na mmoja dawa yake ikimwishia anaazima ya mwenzake "mpaka tarehe yangu ifike". Mzee akijisikia kuchoka, anameza kidonge cha sukari cha mkewe kwa kuwa kilimsaidia mama. Kama kidonge hicho ni glibenklamidi, mtu asiye na kisukari anaweza kushukiwa na sukari hadi akapoteza fahamu, na nguvu ya dawa hiyo huendelea kwa saa nyingi; akiamshwa kwa maji ya sukari anaweza kuzimia tena usiku. Kila mtu awe na kopo lake, lenye rangi yake, na likae mahali ambapo mjukuu wa miaka mitatu hafiki. Na waombe tarehe moja ya kliniki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na bango la "Mpishe mzee apate huduma kwanza" tunalolibandika vituoni halina maana kama tunamfanya mzee apande bajaji leo kwa ajili yake, na wiki ijayo kumsindikiza mwenzake. Wakija pamoja namwona mpishi na mlaji kwa wakati mmoja, na kazi yangu inakuwa nusu.

Ramadhani ndiyo mwezi unaohitaji maandalizi ya mapema kuliko yote, na ndio tunaoletewa wagonjwa kwa kuchelewa. Njooni wiki sita hadi nane kabla. Mwezi huu hurudi nyuma kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo katika miaka hii umeingia kwenye joto la Februari na Machi, ambapo mwili wa mtu wa Tanga unapoteza maji tangu asubuhi. Mtu wa kidonge cha sukari cha metfomini peke yake mara nyingi anaweza kufunga kwa kuhamisha dozi kwenda futari na daku. Mtu wa insulini, au wa glibenklamidi, dozi yake lazima ipangwe upya na daktari, na wengine tunawaomba wasifunge. Qurani yenyewe imemruhusu mgonjwa na msafiri, na ipo fidia kwa asiyeweza kulipa siku hizo. Ukizungumza na imamu wako pamoja na daktari wako hutabaki na dukuduku. Kupima sukari ya kidole hakufunguzi, ndivyo wanavyosema wanazuoni wengi. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipanda kupita 16.6, fungua saa ileile, hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie. Futari ya muhogo, magimbi, ndizi na tambi za sukari kwa mpigo ni wanga juu ya wanga. Mama achague kimoja, ale na maharage au samaki, na tende isizidi moja au mbili.

Sasa safari. Kutoka stendi ya Kange hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, na safari inakula sehemu kubwa ya siku. Mzee anayemeza kidonge cha kukojoza hukiacha nyumbani kimyakimya siku hiyo kwa sababu basi halisimami kila anapotaka. Simlaumu. Lakini aseme, tumpangie akimeze akishafika, asikae siku nne za harusi bila dawa kwa kuwa alianza kwa kuruka moja. Miguu ikivimba baada ya kukaa muda mrefu, na hasa kwa mtumiaji wa dawa ya presha ya amlodipini, asidhani ni figo akaacha dawa. Asimame kila basi linaposimama, anyooshe vifundo vya miguu akiwa kitini, anywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo, maana huenda damu imeganda.

Magoti yakiuma baada ya safari, watu hukimbilia duka la dawa kuchukua diklofenaki. Nawasihi sana kuhusu dawa hii. Inapandisha presha, na ikikutana mwilini na losatani pamoja na kidonge cha kukojoza inaweza kuziumiza figo ghafla. Parasetamoli kwanza, kitambaa cha maji ya moto, kisha umwone daktari.

Insulini isiwekwe kwenye buti la basi wala juu ya dashibodi. Kaa nayo mkononi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu kama wiki nne pasipozidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina. Nyumbani umeme ukikatika, vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine na mchanga mbichi katikati, hupunguza joto vizuri. Isigusane na barafu, kwani insulini iliyoganda imekufa. Anayekwenda Mombasa kupitia Horohoro, Muscat kwa mwanawe, au Hijja, abebe dawa katika vifungashio vyake na barua ya daktari. Wa Hijja aanze mapema habari ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

Halafu ile arobaini ya binti. Mama akienda Dar es Salaam, kadi yake ya kliniki ipigwe picha kwenye simu, na dawa zizidi siku za safari walau kwa wiki mbili. Kama ana kadi ya bima ya afya, anaweza kuhudumiwa huko katika kituo kinachokubali bima hiyo. Mimi humhofia zaidi anayebaki. Mzee peke yake Chumbageni anaishi kwa chipsi, chai na maandazi, na hana wa kumuuliza kama ameshameza dawa. Kijana wa jirani ampitie jioni. Presha ipimwe kila wiki, akiwa ameketi dakika tano, nyayo zote sakafuni, na nusu saa imepita tangu kahawa ya barazani.

Desemba wajukuu wa Moshi na Arusha wanafika na joto, maembe na makelele. Maembe yanapandisha sukari ya mama kama vile wali, kwa hiyo nusu embe baada ya chakula inatosha. Kwa watoto wasiwasi wangu ni malaria. Wanaoishi sehemu za baridi hawajaizoea kama wa pwani, na si bure kwamba watafiti wa malaria wamekita kambi Muheza, hapahapa mkoani, miaka mingi. Chandarua chenye dawa kiwe tayari kabla basi halijafika Kange, kwa idadi ya vitanda na mikeka itakayotandikwa. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyohiyo, na akirudi kwao, mama yake aambiwe kwamba homa ndani ya wiki nne baada ya kutoka Tanga ni ya kupimwa malaria kwanza.