Pigo Moja Linatosha

Mpwa wangu anapenda gemu ngumu, mimi napenda gemu ya hatari, na ubishi wetu hauishi. Kompyuta ni moja na Skyrim ni ileile, ila kila mmoja ana mafaili yake, na mwenzake hayagusi.

Kwa asiyeijua, Skyrim ilitolewa na kampuni ya Marekani ya Bethesda mwezi Novemba 2011. Unamwongoza mtu mmoja katika nchi ya milima na theluji, dunia ya kubuni iliyovikwa mavazi ya Ulaya ya kale: ngome, panga, ngao, mishale, na majoka juu yake. Majambazi wa humo utadhani ni wengi kuliko wakulima. Kwenye menyu kuna ngazi za ugumu, na mpwa wangu hakubali kucheza chini ya Legendary, ile ya juu kabisa iliyoongezwa mwaka 2013.

Sasa tazama Legendary inafanya nini. Katika ngazi ya kati kila pigo lina uzito wake kamili. Ukipanda hadi Legendary, pigo lako linabaki robo, na la adui linazidishwa mara 3. Basi. Jambazi ambaye angelala kwa mapigo 4 sasa anahitaji 16. Wewe uliyekuwa ukistahimili 6, mawili yanakumaliza. Jambazi hajaongezewa akili wala mbinu. Bega liko wazi, kavaa kipande cha ngozi, nawe unamkatakata kwa shoka kama unayechanja kisiki cha mwarobaini. Mchezaji naye anajifunza ujanja wa ovyo: katikati ya pambano anafungua mkoba, muda unasimama, anabugia jibini na dawa hadi uhai urudi, kisha anaendelea. Nimemwona mpwa wangu akila hivyo huku jambazi ameinua nyundo juu, anamsubiri kwa adabu.

Dawa ilitoka kwa wachezaji wenyewe. Februari 2012 Bethesda iliachia Creation Kit, zana za kuirekebishia gemu hiyo, na tangu hapo watu wamekuwa wakitengeneza modi, yaani mafaili ya nyongeza yanayobadilisha kanuni za mchezo. Nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti ya Nexus Mods; gharama yako ni bando na uvumilivu.

Modi ya Wildcat, kwa mfano, inayafanya mapambano yawe mafupi na makali, na inaleta majeraha yanayokupunguzia nguvu hata kama hujafa. Requiem inaifumua gemu nzima. Katika Skyrim ya kawaida maadui wengi hupimwa kwa kiwango chako: ukikua nao wanakua. Requiem imeufuta upendeleo huo. Kaburi lenye maiti wanaotembea lina nguvu zake, uwe shujaa au mgeni uliyefika jana, na mishale yako haiwasumbui sana, kwa kuwa maiti hana moyo wa kutobolewa. Jambazi mwenye shoka la mikono miwili anaweza kukulaza kwa pigo moja. Lakini nawe ukimwahi, naye akiwa hana chuma mwilini, anaanguka vilevile. Hapo ndipo ninapoipendea. Kifo kiko karibu na wote wawili, kwa hiyo nasimama mlangoni mwa pango, nahesabu sauti za watu ndani, na mara nyingine naghairi.

“Anko, hiyo siyo gemu, hiyo ni woga,” ananiambia.

Lakini historia iko upande wangu. Upanga haukati vazi zuri la chuma. Fiore dei Liberi, mwalimu wa upanga wa Italia mwanzoni mwa karne ya 15, aliacha kitabu cha michoro ambamo wapiganaji waliovaa chuma wanashika upanga kwa mkono mmoja katikati ya makali yake, ili waielekeze ncha kwenye nafasi zilizo wazi. Na katika makaburi ya halaiki ya Visby, kisiwani Gotland, walikozikwa waliouawa na jeshi la Denmark mwaka 1361, mifupa mingi ya miguu ina alama za kukatwa: silaha zilifuata mahali pasipokingwa vizuri. Waliotengeneza Realistic Battle Mod ya gemu ya Kituruki Bannerlord wameifuata mantiki hiyo. Makali ya upanga yakikutana na chuma kizuri hayafui dafu, hivyo unatafuta rungu au mkuki.

Kuna jambo moja ambalo mpwa wangu ananishika nalo. Gemu ya Kingdom Come: Deliverance, iliyotengenezwa Prague na kutolewa mwaka 2018, inakuweka Bohemia ya mwaka 1403 ukiwa mwana wa mhunzi asiyejua kupigana. Wakikuzunguka watu watatu, umekwisha. Ilipotoka, ukitaka kuseva kwa hiari yako ilikubidi unywe pombe maalumu au ukalale. Na moja ya modi zilizopendwa sana ni ile ya kuseva bila kikomo! Ukiweza kurudi nyuma sekunde kumi kila ukifa, hatari iko wapi? Siwalaumu, maana nakaa mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi, lakini hoja ya mpwa wangu ina nguvu.

Kwa sababu hiyo nimeongeza modi ya Death Alternative kwenye Skyrim yangu. Ukishindwa hufi, unaporwa na kuachwa. Hata hilo si geni katika vita vya kale, ambako mateka mwenye mali alikuwa biashara: mfalme John wa Pili wa Ufaransa alikamatwa Poitiers mwaka 1356, na fidia yake ikaja kupangwa kuwa sarafu za écu milioni 3. Mimi sikugharimu kiasi hicho. Upanga wangu bora uko kiunoni mwa jambazi mmoja upande wa kijiji cha Riverwood humo mchezoni, nami nitaufuata nikishapata ngao.