Barua za Krapf Kutoka Mombasa

Barua alizoandika Johann Ludwig Krapf kutoka Mombasa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, miongoni mwa nyaraka za C.M.S. Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama hicho cha Kianglikana, alimzika mkewe Rosine Julai 1844, na mtoto wao mchanga siku chache baadaye. Naye mwenyewe alikuwa akiugua homa. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1858, majonzi yakiwa yamekwisha kutulia. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya Kanisa hana budi kuanza na barua. Lakini azisome kwa hadhari: ziliandikiwa kamati ya London iliyogharimia kazi, na wazee wa Rabai, waliompokea mwaka 1846, husema humo kwa kalamu yake tu.