Vitu vya Kwetu huko Tervuren, na Majina ya Mafundi



Tangu turudi kutoka Ubelgiji maswali hayaishi. Kwenye uwanja wa mpira, njiani kurudi nyumbani, hata kwenye maji, watu wanatuuliza: "Kule Bulaya mulionaka nini?" Wengi wanataka habari za ndeke na za baridi. Hizo tumekwisha kuzisema mpaka vinywa vimechoka. Wenye kutengeneza gazeti hili walituomba jambo moja tu, lakini tulieleze vizuri. Basi sisi wawili, ndugu wa nyumba moja, tumechagua siku tuliyopitisha katika makumbusho ya Tervuren, maana humo tuliona vitu vya Katanga vingi kuliko tulivyopata kuona hapa Katanga penyewe.

Makumbusho, au kama wengi tunavyosema, muze, ni nyumba ya kulinda vitu ili watu wavitazame na kujifunza. Lubumbashi iko moja, na wengi wetu tunapita mbele yake bila kuingia. Ile ya Tervuren ni kubwa kabisa. Iko pembeni ya mji wa Brussels, na ilianzishwa na Leopold II, yule mfalme aliyeshika Kongo kama shamba lake mwenyewe tangu 1885 hadi 1908. Mwaka 1897 kulikuwa na maonyesho makubwa Brussels, na mambo ya Kongo yaliwekwa Tervuren. Watu walikuja wengi mno, kupita milioni moja. Kiisha mfalme akaamuru ijengwe nyumba ya mawe, naye Mfaransa Charles Girault akaichora. Pesa zilitoka wapi? Zilitoka Kongo, kwa kaucho na pembe za tembo. Leopold alikufa Desemba 1909, na nyumba ilifunguliwa mwaka 1910 bila yeye. Mwaka 2013 ilifungwa ili itengenezwe, ikafunguliwa tena Desemba 2018. Wenye kuiongoza walisema kwamba hawakutaka kubadili kuta tu, walitaka kubadili na maneno pia, kwa sababu kwa miaka mingi nyumba ile ilifundisha watoto wa Ubelgiji kwamba sisi tulikuwa watu wa porini, nao wakatuletea nuru.

Tulikwenda watu sita: baba, mama, baba mukubwa anayekaa Brussels, sisi wawili, na mdogo wetu wa kike wa miaka minane. Tulipanda tramu namba 44, ambayo inapita kati ya miti mirefu mpaka mwisho wa njia. Msifikiri ni sawa na taksi-bisi ya Naviundu. Mule hakuna reseveri wa kupiga kelele mlangoni, na kila mtu ananyamaza kama yuko kwenye mtihani.

Mlango wa sasa ni nyumba mpya ya vioo, na kutoka humo unashuka chini ya ardhi na kufuata njia ndefu nyeupe. Katika njia ile umelazwa mtumbwi mmoja, mti mzima uliochongwa, urefu wake zaidi ya metre 22. Pimeni wenyewe: unapita vyumba viwili vya masomo vya hapa kwetu. Mwaka 1957 ulimbeba mfalme Leopold III juu ya mto Kongo. Jina la mfalme aliyeketi ndani tulilikuta. Majina ya wapiga kasia hatukuyakuta. Siku ile hatukulifikiri sana jambo hilo, lakini kadiri tulivyoendelea lilitufuata kutoka chumba hata chumba, na ndilo tunalotaka kuwaeleza hapa.

Karibu na njia ile iko chumba ambamo wameweka sanamu za zamani wasizotaka tena kuzionyesha juu. Humo mko "mtu-chui", mtu amevaa ngozi na kucha za chuma, ameinama juu ya mtu anayelala. Mzungu Paul Wissaert njo alimtengeneza. Mchoraji wetu Chéri Samba wa Kinshasa alichora picha mwaka 2002: Waafrika wanavuta sanamu ile kwa kamba waitoe nje ya makumbusho, na wazungu wanaivuta wairudishe ndani. Baba alicheka mpaka mlinzi akatutazama.

Juu, katika chumba cha mviringo cha marmari, mko sanamu za kung'aa za tangu zamani. Moja inaonyesha Ubelgiji ikiletea Kongo ustaarabu. Sheria ya nchi yao inalinda nyumba ile na haikubali zitolewe. Kwa hiyo waliita Mkongo Aimé Mpane, akachonga kichwa kikubwa cha mbao cha mtu Mwafrika, nacho kimewekwa katikati ya chumba ili kijibu sanamu zile. Sisi tuliona kwamba ni jibu zuri, ijapokuwa baba mukubwa alisema: "Mimi ningezitoa tu."

Kutoka hapo uko ukuta mrefu wenye majina ya Wabelgiji 1.508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Yote yamechongwa vizuri, moja moja. Wakongo waliokufa miaka ile, kwa kazi ya kaucho, kwa kubeba mizigo, kwa vita na magonjwa, hawana ukuta. Lakini Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa, aliandika juu ya vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji. Jua likipita, kivuli cha majina hayo kinaanguka juu ya majina ya Wabelgiji. Mama alisimama pale kwa muda mrefu.

Wale ni nani? Kwa maonyesho ya 1897 walileta Wakongo 267 Ubelgiji, wakawaweka katika vijiji vya kujifanya, ili wazungu waje kuwatazama kama wanyama. Mwaka ule hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na baridi. Saba walikufa. Wamezikwa pembeni ya kanisa la Tervuren, na majina yaliyoandikwa kwenye makaburi ni haya: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Tulikwenda pale saa za chakula, tukakaa kimya, kiisha tukala mikate yetu katika bustani. Mdogo wetu aliuliza kama mama zao walipata habari. Hakuna aliyemjibu.

Sasa tufike kwenye vitu vya kwetu. Katika chumba kimoja, ndani ya sanduku la kioo, kuna kinyago cha Waluba kinachojulikana dunia nzima. Ni kichwa kizima cha kuvaa, macho yamefumbwa kidogo, pua imenyooka, na pembe mbili kubwa zimepinda kushuka kando ya uso. Nyuma ya kichwa amechongwa ndege. Mtu akikitazama kutoka mbele hamwoni ndege, lazima azunguke. Mdogo wetu ndiye aliyemwona wa kwanza. Habari zake zinasema kwamba kilichukuliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Luulu na Oscar Michaux, mkubwa wa askari wa Leopold. Basi jina la mwenye kukichukua liko, na mwaka, na kijiji. Jina la mwenye kukichonga haliko.

Mdogo wetu akauliza kwa sauti: "Baba, kama ni ya kwetu, juu ya nini iko huku? Na ule aliichonga, jina yake nani?" Swali la kwanza kila mtu analijua. La pili njo lilitushinda.

Tuliona pia sanamu ya Watabwa, wa magharibi ya ziwa Tanganyika, iliyokuwa mali ya chifu Lusinga. Emile Storms, mwanajeshi Mbelgiji, alikuwa na kituo huko Mpala. Desemba 1884 watu wake walivamia boma la Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Storms alisafirisha kichwa na sanamu mpaka Ulaya. Lusinga mwenyewe hakuwa mtu mpole, aliuza watu. Lakini sanamu ile ilikuwa ya kukumbuka wakubwa wa ukoo wake, na leo tunajua kila kitu juu ya wizi wake, hatujui kitu juu ya fundi wake.

Sababu gani iko hivi? Baba mukubwa, ambaye amesoma mambo haya, alitueleza tukiwa tumeketi juu ya benchi. Mwanajeshi, mfanyabiashara, hata mtumishi wa serikali, alipochukua kitu aliandika kabila gani, fasi gani, lini, na jina lake yeye. Hakuuliza "nani amechonga?" kwa sababu alifikiri kwamba kwetu mtu mmoja hana akili ya pekee, na kazi inafanywa na kabila lote, sawa na siafu wanavyojenga. Kumbe kijijini kila mtu alimjua fundi, alimlipa, tena alitoka mbali kumtafuta. Jina halikukosekana. Halikuulizwa.

Mzungu mmoja alianza kuuliza kwa njia nyingine. Ni Frans Olbrechts, aliyekuwa baadaye mkubwa wa makumbusho ile tangu 1947. Katika miaka ya 1930 alilinganisha viti na sanamu nyingi, akaona kwamba baadhi zinafanana: nyuso ndefu, mashavu yaliyoingia ndani, mikono mikubwa, kama watu wazee waliochoka. Akasema: hii ni kazi ya mkono mmoja. Mbili zilitoka kijiji cha Buli, upande wa Lualaba, kwa hiyo akamwita "Fundi wa Buli". Kazi zinazohesabiwa kuwa zake ni kama ishirini. Moja iko Tervuren, mwanamke aliyepiga magoti ameshika bakuli. Viti vingine viko London na New York. Baadaye wazee wa upande ule walitaja jina, Ngongo ya Chintu. Wataalamu bado wanabishana kama ni yeye, au kama ni mafundi wawili. Lakini fikirini: iliwabidi kulinganisha miguu na mashavu ya mbao kama polisi anayefuata nyayo, kwa swali ambalo mtoto wa miaka minane aliliuliza mara moja.

Hapa tuseme neno juu ya mashaka ya mama, maana nyumbani kwetu sisi ni watu wa kanisa. Asubuhi alisema: "Tunalipa pesa kwenda kutazama sanamu za mizimu?" Ni kweli kwamba wahubiri wengi wa kwanza waliamuru vitu hivi vichomwe, na vingi vilichomwa na Wakristo wenyewe. Lakini mambo hayakuwa ya namna moja. W.F.P. Burton, mmisionari wa Kipentekoste aliyefika Mwanza katika nchi ya Waluba mwaka 1915, alihubiri dhidi ya uchawi, na papo hapo aliandika, alipiga picha na kukusanya vitu vya Waluba. Buku lake kubwa juu ya dini na desturi zao lilichapishwa mwaka 1961, tena na makumbusho hii ya Tervuren. Jioni mama hakusema tena mizimu. Alisema yule mwanamke wa Buli anafanana na nkambo wetu wa Kabongo akiwa amechoka.

Wenzetu, mambo yalibadilika wapi? Yalibadilika hapa mjini kwetu. Mwaka 1946, wakati mji huu ukiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua chumba cha kuchorea kilichoitwa Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na majani; Bela alichora kwa vidole vyake, bila burashi; Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari mifupi mifupi. Kila mmoja aliandika jina lake chini ya picha. Kwa hiyo picha zao zilipofika Ulaya, hakuna aliyeweza kuandika "kazi ya kabila fulani" kiisha akaondoka.

Kuna pia Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mji huu mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, picha 101, kwa mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, na alizieleza moja moja kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi. Picha hizo leo ziko Amsterdam. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini jina lake limebaki kwenye picha, K.M. na yote.

Je, vitu vitarudi? Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 Kinshasa. Vingine viliibiwa baadaye, na ndilo neno ambalo wazungu wengine wanapenda kututupia. Leo Kinshasa iko na makumbusho mpya, iliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini na kufunguliwa mwaka 2019. Februari 2022 Ubelgiji ilimpa waziri mkuu wetu orodha ya vitu kama 84.000 vya Kongo vilivyo Tervuren, na mwaka ule ule bunge lao lilitoa sheria ya kurudisha vilivyochukuliwa vibaya. Juni 2022 mfalme Philippe, kabla ya kufika hapa Lubumbashi, aliacha Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu. Alikiacha kwa kuazima, bila kipimo cha wakati. Kuazima kitu chako mwenyewe, baba alisema, ni Kifaransa kigumu.

Kinyago cha Luulu tulikiacha ndani ya kioo chake. Kabla ya kutoka mdogo wetu alirudi mbio kuzunguka nyuma ya sanduku, amwone ndege tena, na tramu ya saa kumi ikatupita.