Kuokoa Video za Familia Zilizomo Kwenye DVD

DVD iliyochomwa studio ya mtaani na DVD ya filamu inayouzwa dukani hufanana kwa macho tu. Ya dukani hugongwa kiwandani kwa muhuri, data yake ikawa vishimo ndani ya plastiki. Ya kuchomwa ina tabaka jembamba la rangi ya kikemikali, na leza ya mashine ndiyo iliyounguza alama kwenye rangi hiyo. Rangi ya aina hii huchujuka kwa jua, joto na unyevu. Diski hafifu iliyoachwa dirishani Tanga au Mombasa inaweza kugoma baada ya miaka michache, huku mwenzake aliyewekwa kabatini ndani ya kava akiwa bado mzima. Video nyingi za harusi, sendofu na kipaimara za miaka ya 2000 zilikabidhiwa kwa wenyewe kwenye diski za namna hii. Laptopu za siku hizi nazo, karibu zote, hazina tena mahali pa kuingizia diski.

Kazi ya kuzihamisha ina hatua mbili, na kosa la wengi, mafundi wa studio wakiwamo, ni kuikimbilia ya pili. Hatua ya kwanza ni kunakili kilichomo kama kilivyo. Ya pili ni kutengeneza faili jepesi la kutazamia kwenye simu. Kanda ya VHS hulazimika kuchezwa kwenye deki mwanzo mpaka mwisho huku ikirekodiwa upya, lakini DVD tayari ina data ya kidijitali. Hunakiliwa bila kupoteza hata chembe ya ubora, na diski nzima iliyojaa humalizika kwa dakika kumi hadi ishirini hivi.

Kinachohitajika ni kisomeo cha DVD cha nje kinachochomekwa kwa USB. Diski ifutwe kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Data imepangwa kwa kuzunguka, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko hula data nyingi mfululizo, ilhali unaokatiza hugusa kidogo kidogo, na mashine hujua kusahihisha makosa madogo. Kwenye CD za video, zile VCD zilizotangulia DVD, upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa sababu data iko chini tu ya rangi ya juu. Ikichunika hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Data ya DVD hukaa katikati ya vipande viwili vya plastiki.

DVD ikifunguliwa kwenye kompyuta huonekana folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili kama VTS_01_1.VOB na VTS_01_2.VOB. Hapo ndipo picha na sauti zilipo. Kila faili la VOB haliruhusiwi kuzidi gigabaiti 1, hivyo sherehe ya saa mbili hukatwakatwa: bibi harusi anaingia ukumbini kwenye faili la pili, anaketi kwenye la tatu. Kubeba VOB moja moja ni kuleta mkanganyiko. Ni afadhali kunakili diski nzima kuwa faili moja la ISO, au kutumia programu ya MakeMKV, ambayo huunganisha vipande kuwa video moja bila kugusa ubora. VCD huwa na folda ya MPEGAV na mafaili ya .DAT, na programu ya VLC huyacheza bila shida.

Hofu ya nafasi haina msingi tena. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, kwa hiyo diski kuu ya nje ya terabaiti 1 inameza zaidi ya DVD 200 bila kubana chochote. Mtego uko kwenye flashi: nyingi huja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili linalozidi gigabaiti 4, na ISO ya diski iliyojaa itakataliwa hata flashi ikiwa tupu. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Hatua ya pili hufanywa na HandBrake, programu ya bure. Hugeuza video ya zamani ya MPEG-2 kuwa MP4 ya H.264, inayochezeka kwenye karibu simu na televisheni zote za kisasa. Mambo mawili yaangaliwe. Picha za mfumo wa PAL, uliotumika Afrika Mashariki, zilirekodiwa kwa mistari ya kupishana, na kwenye skrini ya kompyuta mikono ya wachezaji huonekana imechanika kama meno ya chanuo, hivyo kichujio cha kuondoa mistari hiyo kiwashwe. Kisha picha iachwe na ukubwa wake wa nukta 720 kwa 576. Anayeuza huduma ya kuifanya “HD” anaikuza tu. Hawezi kurudisha sura ambayo kamera haikuichukua.

Diski ndogo za sentimita 8, zilizotumika kwenye kamera za mkononi, zina vituko vyake. Hazifai kuingizwa kwenye kisomeo cha kumeza diski kwa mwanya, maana hukwama. Kama mpigapicha hakuifunga diski kwa amri ya kamera (“finalize”) baada ya kurekodi, kompyuta huiona tupu. Isidhaniwe kuwa imefutika: irudishwe kwenye kamera ileile ifungwe, au isomwe kwa programu ya IsoBuster. Diski iliyogoma ijaribiwe kwenye visomeo tofauti, kwani leza moja husoma kilichoishinda nyingine. Kwenye Linux, programu ya ddrescue huruka sehemu mbovu, huokoa zilizo nzima, kisha huzirudia zile mbovu.

Mafaili yakishapatikana yapewe majina yenye tarehe na tukio, kisha yawekwe mahali pasipopungua pawili, nyumba mbili tofauti ikiwezekana. Nakala ya WhatsApp isihesabiwe, kwa sababu WhatsApp hubana video. Anayempa fundi kazi hii adai faili lisilobanwa pamoja na MP4, na arudishiwe diski zake. Zisitupwe mpaka kila faili litazamwe lote, hadi mwisho wa sherehe.